Vidole vya mhasibu ni mali ya nani?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mazoea yana taabu. Wiki hii nataka tuzungumzie mazoea ya vidole, ambayo yaliwahi kufikishwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mtazame mhasibu mzoefu mwisho wa mwezi, jedwali refu likiwa wazi kwenye kompyuta yake. Kipanya hakigusi. Anabonyeza Ctrl na mshale wa chini, mara yuko kwenye tarakimu ya mwisho ya safu. Anabonyeza Ctrl na Home, amerudi juu kabisa. Tangu mwaka 2007 karatasi moja ya Excel ina mistari 1,048,576. Ukiishuka mstari mmoja kila sekunde, usiku na mchana, utafika chini baada ya siku 12. Ndiyo maana mimi huwaheshimu watu wanaozijua njia hizi za mkato.

Njia hizo zina historia. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa programu ya VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II. Kompyuta ile ilikuwa na mishale miwili tu, wa kushoto na wa kulia. Ukitaka kwenda juu au chini, ulibonyeza kwanza kitufe kirefu cha kuachia nafasi, ndipo mishale ileile ikabadili mwelekeo.

Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, ya kampuni ya Mitch Kapor, kwa kompyuta za IBM. Humo ulibonyeza End, kisha mshale, ukaruka hadi mwisho wa tarakimu zako. Ukibonyeza mkwaju, orodha ya amri ilifunguka, na kila amri iliitwa kwa herufi yake ya kwanza. Watu walijifunza mpaka vidole vikawa vinatangulia akili.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kampuni ya Borland ilitoa Quattro Pro, na ndani yake ikaweka orodha ileile ya amri ili aliyezoea Lotus asipate shida ya kuhama. Mwaka 1990 Lotus ilikwenda mahakamani. Amri zilizobishaniwa zilikuwa 469, katika orodha zaidi ya 50. Lotus ilidai kuwa hiyo ni kazi yake, na haki ya kuinakili ni yake peke yake.

Jaji wa kwanza aliipa Lotus ushindi. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikatengua: orodha ile ni namna ya kuendesha mashine, kama vitufe vya deki ya video, wala hailindwi na hakimiliki. Januari 1996 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, mmoja akiwa amejitoa, na hukumu ya rufaa ikabaki.

Nakubali kwamba aliyebuni ametoka jasho na anastahili ujira. Lakini mhasibu naye ametoka jasho lake kujifunza, na jasho hilo hakulipwa na Lotus. Kama Lotus ingeshinda, kila aliyetaka kuhama angelazimika kuanza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mteja angekuwa mfungwa wa vidole vyake mwenyewe. Kwa maoni yangu, majaji wa rufaa waliona mbali.

Lotus 1-2-3 yenyewe iliachwa na wenyewe mwaka 2014. Lakini fungua Excel leo kwenye kompyuta ya Windows, ubonyeze mkwaju: herufi za kuitia amri zitajitokeza. Bonyeza End, kisha mshale: utaruka vilevile. Programu imezikwa, njia zake bado zinapitwa, na hakuna anayetozwa ushuru.

Tukutane tena wiki ijayo.