Nani Hupanga Bei ya Saa ya Fundi?

Oktoba 1963, Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyoongozwa wakati huo na Robert Kennedy, ilivishtaki vyama vitatu vya kampuni za bima katika mahakama ya shirikisho mjini New York. Walikuwepo wakadiriaji wa hasara walioitwa huru. Kwa mujibu wa mashtaka, uhuru wao ulikuwa wa jina tu, maana walisimamiwa na kampuni zilezile. Mkadiriaji alikagua gari lililobondeka, akaandika bei ya chini, kisha akatafuta gereji ya kuikubali. Fundi aliyegoma aliona kazi ikienda kwa mwenzake.

Kesi haikusikilizwa hadi mwisho. Tarehe 27 Novemba, siku tano baada ya Rais John Kennedy kuuawa, ilitolewa hukumu ya maafikiano: vyama hivyo visielekeze magari kwenye gereji fulani, wala visipange bei ya matengenezo. Mafundi wa bodi nchini humo bado huishika hukumu hiyo kama hati ya shamba.

Lakini ilikataza kupatana, haikukataza kufanana. Kila kampuni, peke yake, inaweza kusema inalipa “bei ya soko”, na kuipata kwa kuziuliza gereji za eneo husika. Gereji inayoishi kwa wateja wa bima itajibu nini, kama si kile ambacho bima huilipa tayari?

Kufikia 2014 mamia ya gereji kutoka majimbo mbalimbali zilikuwa zimefungua kesi, zikidai kwamba kampuni ya bima ya State Farm hutangulia kutaja bei na wengine huifuata. Kesi nyingi zilikusanywa Florida. Mwaka 2017 majaji wa rufaa walizipa gereji matumaini. Mwaka 2019 jopo kamili la mahakama hiyohiyo likayafuta. Kufuatana bei bila makubaliano, walisema, si kosa.

Jimbo la California lilijaribu njia nyingine, bila kutaja bei. Kanuni zilizoanza kutumika 2017 ziliweka utaratibu wa namna ya kuziuliza gereji, na kampuni inayoufuata hupata kinga fulani ya kisheria. Ni njia ya busara, ingawa inapima soko lilelile.

Massachusetts ndiko jambo hili linakouma zaidi. Jimbo hilo lililazimisha bima ya magari tangu 1927, na kwa takriban miaka 30, hadi 2008, maofisa wake walipanga viwango vya bima. Malipo ya fundi yaliachiwa soko. Tume ya jimbo ilipolichunguza suala hilo mwaka 2022, saa ya kazi ya bodi ililipwa karibu dola 40, kiwango cha chini kuliko karibu kote nchini. Mafundi wanasema mwaka 1988 ilikuwa kama dola 30. Kwa mfumuko wa bei pekee, dola hizo 30 zingekuwa zimezidi 70 kufikia 2022.

Kampuni za bima hujibu kwamba malipo yakipanda, ada za madereva zitapanda. Hoja hiyo ina uzito. Ila gereji inapodai zaidi ya kile bima inachotoa, tofauti hiyo huweza kuangukia kwa mwenye gari, juu ya ada aliyokwisha kulipa.