Fimbo ya Mji wa Kale na Mkanda Mweusi

Kabla karate haijafika pwani, vijana wa Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa na kirumbizi, mchezo wa fimbo uliochezwa aghalabu harusini, ambapo wawili huingia uwanjani, ngoma na zumari zikilia, wakazungukana kwa taadhima, hata mmoja akatupa pigo na mwenziwe akalikinga kwa fimbo juu ya utosi, kadamnasi ikishangilia. Wala ustadi huo haukuwa na shahada, ila sifa mtaani.

Kupima ustadi kwa daraja ni desturi ya Japani, nayo si kongwe kama wengi wadhanivyo: Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alianza kutoa daraja mwaka 1883, na mwalimu wa karate Funakoshi Gichin akaziingiza katika karate mwaka 1924, mwaka uleule kilipoanzishwa chama cha karate katika Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo. Basi mwanafunzi atakaye mkanda mweusi pamoja na shahada ya chuo kikuu, jambo ambalo wazee wetu huliona ni kupoteza wakati, afuata njia iliyopita chuoni tangu mwanzo.

Lakini njia hiyo ilichelewa kufunguka Mombasa, kwa kuwa mji ulikawia kupata chuo kikuu chake. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa (MIOME), iliyowafunza vijana wa Kiislamu kazi za ufundi, na ambayo Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, alikuwa miongoni mwa wafadhili wake, iligeuka Politekniki mwaka 1972, kisha Chuo Kikuu cha Kiufundi mwaka 2013, pale pale Tudor, kisiwani.