Hasira na ‘anger’: maneno yaliyoanza kwa majonzi

Mwanafunzi wa Ganda, nje kidogo ya Malindi, hufunzwa kwamba ‘anger’ ni hasira, basi. Daftari linafungwa. Kumbe maneno haya mawili yana historia inayofanana.

‘Anger’ liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako ‘angr’ ilikuwa huzuni au dhiki. Neno hasira nalo tulilitoa kwa Waarabu, na kwao ‘hasra’ ni majuto na majonzi. Lugha mbili zisizo na undugu zikapita njia moja: mtu huumia kwanza, ndipo afoke.

Je, ‘hostile’? Chimbuko lake ni ‘hostis’ la Kilatini. Hapo kale lilimaanisha mgeni, baadaye likawa adui.

Sasa tutazame hapa kwetu. Wagiriama walitakiwa watoe vijana wa kazi kwa Wazungu, kisha wakaambiwa wahame ardhi yao kaskazini mwa Mto Sabaki. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwalisha watu kiapo cha kukataa. Agosti 1914 serikali ya kikoloni ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Anayesema Wagiriama walikuwa maadui wenye hasira tu, amesoma neno nusu. Majonzi yalitangulia.

Basi mwalimu, ukifunza msamiati usiishie kwenye tafsiri. Mwambie mtoto neno limetoka wapi, naye atalikumbuka.