Usiniambie Kanisa Lenu Lina Washirika Wangapi, Niambie Mfereji Uko Wapi

Wasee, tuongee.

Kila Jumapili jioni simu yangu inajaa vitu viwili. Upande mmoja ni video za kwaya, keki za ukumbusho na pasta mwenye suti inayong'aa kuliko gari lake. Upande mwingine ni vijana wanauliza: "Hivi makanisa yametufanyia nini, ukitoa kupitisha kikapu cha sadaka?"

Swali hilo liliwaka kabisa mwaka wa 2024. Juni tulikuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na watu wakaanza kuuliza mbona wanasiasa wanapewa mimbari kila wikendi. Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba pesa ambazo Rais alitoa katika parokia ya Soweto zitarudishwa. Mitandao ikalipuka. Wengine walishangilia, wengine wakasema ni maonyesho tu.

Mimi sitaki tujibu hilo swali kwa matusi wala kwa Amina. Tulijibu kwa historia. Na historia ninayoijua vizuri ni ya kwetu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya: Embu, Chogoria, Meru, mpaka Nyambene. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie tasnifu hapa. Nina kipimo kimoja tu: mtu ambaye hasali katika hilo kanisa amepata nini kutoka kwalo?

Tuanze na ukweli unaouma

Mwaka wa 1906 Waingereza walivamia Embu kwa bunduki. Watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa. Miaka minne tu baadaye, 1910, wamishonari wa Kianglikana wa CMS wakafungua kituo Kigari, wakiwa na daktari Mkanada anayeitwa T. W. W. Crawford. Kwa hivyo yeyote anayekuambia bunduki na Biblia havikujuana, mwambie aangalie hizo tarehe tena.

Huko Meru, Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia walifika 1911, na Wamethodisti wakaanza Kaaga 1912. Halafu 1922 Daktari Archibald Clive Irvine wa Kanisa la Scotland akaingia Chogoria. Misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo kama mbogi za mtaani zinavyogawana steji. Ndiyo maana mpaka leo ukikutana na mtu wa huku unaweza kubahatisha kanisa lake kabla hajakuambia jina: Maua Mmethodisti, Chogoria PCEA, Embu Anglikana. Mkatoliki utampata kila mahali. Wengi wetu tunadhani tulichagua dhehebu. Kumbe lilichorwa kwenye ramani kabla nyanya zetu hawajazaliwa.

Lakini usifikiri kazi yote ilifanywa na wazungu. Mchukue Philip M'Inoti. Alikuwa Mmeru wa kwanza kuwa mchungaji wa Methodisti, na bado alikuwa mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru. Aliandika pia historia ya watu wake kwa Kiswahili, akaiita Asili ya Wameru na Tabia Zao. Huyo ni mtu aliyekataa kuambiwa achague kati ya kanisa na kwao. Ni watu kama yeye waliofanya hii dini isibaki kuwa ya wageni.

Kanisa likiamuru

Sasa tuje kwa sehemu ambayo makanisa hayapendi kuweka kwenye vijitabu vya maadhimisho.

Mwaka wa 1929 misheni ziliamua kupambana na ukeketaji. Kuhusu madhara, walikuwa sahihi. Wasichana walikuwa wanaumia, na daktari kama Irvine aliyaona hayo wodini. Tatizo lilikuwa njia. Waumini waliambiwa wale kiapo au waweke kidole gumba kwenye karatasi kwamba wameacha mila hiyo, la sivyo watoke. Unajua walichofanya? Walitoka. Chogoria ilipoteza karibu washirika wake wote kwa muda mfupi. Huku kote Mlima Kenya watu walianza makanisa yao na shule zao.

Amri haikukoma hapo. Mwaka wa 1956, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwapata wazee wa Njuri Ncheke wapige ukeketaji marufuku Meru yote. Wasichana wakafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: walikwenda msituni wakajikata wenyewe kwa wembe. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Ndani ya miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walikuwa wameshtakiwa. Soma hiyo idadi tena. Mabinti wa miaka yenu, wadogo hata, waliona afadhali wembe kuliko kuamriwa na watu wasiowauliza chochote.

Miaka 40 baadaye, 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia chache zilijaribu njia nyingine. Waliita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana wanakaa siku kadhaa, wanafundishwa na wanawake wanaowaamini, halafu jamii inasherehekea, na hakuna anayekatwa. Iliyoanzisha ni Maendeleo ya Wanawake, si kanisa. Lakini baadaye hospitali ya Methodisti ya Maua nayo ikaendesha mafunzo ya aina hiyo. Ukeketaji haujaisha, na tangu 2011 ni kosa la jinai nchi nzima. Hata hivyo tofauti unaiona: kwanza watu waliamriwa, baadaye waliketi chini wakaongea.

Kanisa likifungua mfereji

Turudi kwa kipimo changu. Panda nami mpaka Nyambene.

Miaka ya 1960 Padri Franco Soldati wa Consolata alikuwa na makao ya watoto walemavu pale Tuuru, wengi wao walioathiriwa na polio. Shida yao kubwa ilikuwa maji. Sehemu za chini za Tigania na Igembe ni kavu, jua linachoma, mito mingine hukauka kabisa. Ilibidi maji yachotwe mbali, na huku kwetu kuchota maji mbali maana yake ni mama na binti, si baba.

Akaitwa bruda mmoja Mwitaliano, fundi, Giuseppe Argese. Hakuwa padri, na hakuwa akiongea sana. Watu wakamwita Mukiri, yaani mnyamavu. Yeye aliangalia mlima juu, akaona kitu ambacho kila mtu alikuwa anakiona bila kukifikiria: msitu wa Nyambene una ukungu na mvua karibu mwaka mzima. Majani yanadondosha, udongo unakunywa, maji yanapenya chini kwa chini. Basi huko Mukululu akaanza kuyakinga hayo maji yanayopenya, akayakusanya kwenye mabwawa, halafu akayaachilia yateremke kwa mabomba. Kutoka msituni ni mteremko mtupu, kwa hivyo mlima wenyewe ndio unasukuma maji.

Mradi ulioanza kwa ajili ya makao ya watoto ulienea kwa miongo kadhaa mpaka ukawa na mamia ya kilomita za mabomba na kuhudumia zaidi ya watu 200,000. Vijiji, shule, zahanati, ng'ombe. Na kwenye mfereji hakuna anayeulizwa cheti cha ubatizo. Mmethodisti anachota. Muislamu wa Maua anachota. Mlevi wa jana usiku anachota. Yule jamaa anayeandika mtandaoni kwamba dini ni utapeli, mamake akiwa kijijini naye anachota.

Kuna jambo lingine hapo. Msitu ukikatwa, maji yameisha. Kwa hivyo kulinda miti ya Nyambene ni sehemu ya huo mradi kama vile bomba lilivyo. Hapo hata mahubiri kuhusu mazingira hayahitaji kuwa marefu. Mtu anaona mwenyewe.

Chogoria ilijifunza

Na ile Chogoria iliyokimbiwa na waumini? Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Hospitali haikufungwa. Iliendelea kutibu, kuzalisha, kufunza wauguzi. Kuanzia miaka ya 1970 ikafanya jambo jipya: badala ya kungoja wagonjwa wapande mlima, ikafungua zahanati ndogo vijijini na kufundisha watu wa hapo hapo kujitolea kama wahudumu wa afya. Jirani anakuja kwako, anakaa kwenye stuli jikoni, anauliza mtoto amechanjwa, anakueleza kuhusu kupanga uzazi. Anajua mume wako ni nani na anajua ng'ombe wenu wameuzwa. Huyo huwezi kumfukuza kama mgeni.

Mwaka wa 1985 watafiti walipima. Katika eneo la Chogoria, asilimia 43 ya wanawake walioolewa walikuwa wanatumia njia za kupanga uzazi. Kenya nzima, mwaka mmoja kabla, ilikuwa asilimia 17. Wakati huo wanawake wa Kenya walikuwa wanazaa karibu watoto wanane kila mmoja. Chogoria ilikuwa imeshuka mpaka kama watano. Watafiti walitoka mbali kuja kujifunza kwa hospitali ya kanisa kando ya mlima.

Fikiria hilo. Kanisa lile lile, wanawake wa eneo lile lile, jambo lile lile la mwili wa mwanamke. Mara ya kwanza lilidai kidole gumba na watu wakaondoka. Mara ya pili lilimtuma jirani na watu wakasikiliza.

Embu, na usiku wa paa

Utaniambia maji na zahanati ni kazi ya serikali. Sawa kabisa. Ndiyo maana kuna huduma moja zaidi: kuisemesha hiyo serikali.

Mwaka wa 1975 David Gitari akawa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki, dayosisi iliyobeba Embu, Kirinyaga na Meru mpaka Marsabit. Dayosisi yake ilikuwa na idara ya maendeleo, Christian Community Services, iliyoshughulika na afya na kilimo huko mashinani. Lakini Gitari hakuona tofauti kati ya kumpa mtu chanjo na kumtetea kura yake isiibwe.

Mwaka wa 1986 KANU ilileta mlolongo. Badala ya kura ya siri, unapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, na chifu anakuangalia. Kwenye mchujo wa 1988 kulikuwa na watu waliokuwa na foleni ndefu na bado wakatangazwa wameshindwa. Gitari alihubiri dhidi ya hayo wazi, akitumia hadithi za Biblia ambazo kila mkulima alizielewa. Wanasiasa walimtukana kwenye magazeti.

Usiku mmoja wa Aprili 1989 genge likavamia nyumba yake Kirinyaga. Yeye na familia yake wakapanda juu ya paa wakapiga mayowe. Nani alikuja? Majirani. Wanakijiji walitoka usiku, na genge likatoroka.

Huyo aliishi akawa Askofu Mkuu, akastaafu 2002, akafariki 2013. Lakini mimi hubaki na hilo paa. Askofu anayejulikana kwa helikopta za wageni wake, siku akipiga mayowe, nani atafungua mlango? Gitari aliitikiwa kwa sababu watu walijua yuko upande wao.

Kwa hivyo

Sikwambii urudi kanisani, na sikwambii utoke. Hiyo ni shughuli yako na Mungu wako. Ninachosema ni kwamba historia ya Meru na Embu imetupa maswali mazuri kuliko "pasta ana gari gani?"

Uliza: nani asiyesali hapo ananufaika? Uliza: watu wa hapo waliketi mezani wakati wa kupanga, au waliitwa kupiga makofi siku ya kukata utepe? Uliza: pesa za harambee zikitoka kwa mwanasiasa, kanisa linaweza bado kumwambia kwamba ameiba? Na kama unasali mahali fulani, hayo maswali ni yako zaidi kuliko yangu, maana ile sadaka ni yako.

Kuna kanisa mtaani mwangu lenye spika zinazosikika steji tatu mbali na tangi la maji lililofungwa kwa kufuli. Jirani wananunua maji kwa mtungi nje ya geti. Sitalitaja. Unalijua, kwa sababu hata kwenu liko.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Kwenu kijijini, au hapo mtaani, kuna kitu gani kilichojengwa na kanisa ambacho kila mtu anakitumia bila kuulizwa dini? Kisima, darasa, daraja, maktaba, chochote. Waulize shosho zenu kilianzaje na nani alichimba. Kisha niandikieni, na jina la mahali msisahau.