Nguo na Jasho katika Mlima Kilimanjaro

Wachagga wa Machame walikuwa na hadithi ya mtu aliyeitwa Sabaya. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima mwaka 1848 na kurudi Uchaggani mwaka uliofuata, alisimuliwa ya kwamba Mangi Rungua, baba yake Mamkinga, alipata kuwatuma watu wengi wapande juu wakatazame ile nyeupe ing'aayo ni kitu gani. Aliyesalimika ni Sabaya peke yake, naye alirudi mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi, akawa kilema hata mwisho wa maisha yake. Watu walisema ni kazi ya pepo. Asomaye habari hii leo aweza kuuliza jambo jingine: watu wale walivaa nini?

Yapasa ikumbukwe ya kwamba nguo haina joto lake yenyewe. Joto ni la mwili, na kazi ya nguo ni kulizuia au kuliacha liende zake. Kinachozuia hasa si uzi bali hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Nguo ikilowa, maji hushika mahali pa hewa ile, nayo maji hupitisha joto kwa wepesi upatao mara 25 kuliko hewa. Ama jasho, lita moja ikikauka juu ya ngozi huchukua joto la kilojuli 2,400 hivi. Kwa wanariadha wa mbio za marathoni zikimbiwazo Moshi mjini kila mwaka tangu 2003, upotevu huo ni uhai wao, kwani mji uko kwenye mita 800 tu na jua lake ni kali. Lakini kutoka mjini hata kilele cha Kibo, mita 5,895, kila mita 1,000 za kupanda huondoa nyuzijoto 6 hivi. Jasho lile lile lililokuwa rahani huwa adui.

Wachagga wa zamani walivaa ngozi za mbuzi, na wenye uwezo walijifunika majoho ya ngozi za pimbi, mnyama mdogo wa msituni mwenye manyoya mazito. Manyoya hushika hewa, na ngozi huzuia upepo. Kisha misafara ya pwani ikaleta merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kupitia Unguja. Kwa mtu wa Pangani au Mombasa merikani ni nguo njema kabisa: hunywa jasho, upepo wa bahari hulikausha, mwili ukaburudika. Mlimani ni kinyume. Pamba huyaingiza maji ndani ya uzi wenyewe na kuyashikilia, nayo huganda mwilini. Mpagazi aliyetokwa jasho msituni mchana hufika nyikani jioni akiwa amevaa maji.

Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alipanda kutoka Moshi kwa Mangi Rindi hata akaigusa theluji. Wenziwe waliachwa njiani, na aliyefika naye karibu ya theluji ni Tofiki, mtumishi wake kutoka pwani. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu hupenda kuueleza udhaifu kama huu kwa asili: eti mtu wa pwani hakuumbwa kwa baridi. Maelezo hayo ni mepesi mno. Huyo Tofiki alikuwa mtu wa wapi? Na Hans Meyer alipopanda Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller, wakafika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, aliyewangoja na kuwapikia kambini, zaidi ya mita 4,000 juu, kwa muda wa majuma mawili hivi, alikuwa Mwini Amani wa Pangani. Mwili wa Mpwani haukushindwa. Alikuwa na moto wa kupikia, wala hakupanda kutwa nzima na mzigo kichwani. Kilichowashinda wengine ni shuka iliyolowa, na historia haina haki ya kuiandika shuka kwa jina la kabila.

Sufu ingaliwafaa. Unyweleo wake hunywa mvuke wa jasho hata theluthi moja ya uzito wake bila kuonekana umelowa, nao hutoa joto kidogo unaponywa. Hata ikilowa, mikunjo yake bado hushika hewa. Nguo za poliesta za siku hizi hufuata njia nyingine: uzi hauyanywi maji, bali huyatambaza juu yake yakauke upesi. Hazina joto kubwa, lakini aliyevaa fulana ya namna hiyo chini ya sweta ana nafuu iliyo wazi. Fulana hizo hupatikana Moshi katika mitumba ya Memorial, mara nyingi zikiwa jezi za mpira za timu za mbali, na mpagazi asiyejua neno poliesta huichagua kwa kuifinya mkononi na kuipima wepesi wake. Maarifa, basi, yapo. Inayokosekana ni nguo ya pili.

Wapagazi wa mlima hujiita wagumu, jina la fahari. Lakini ugumu haukaushi fulana. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoanza mwaka 2003, huwaazima wapagazi makoti, viatu na suruali za mlimani bila malipo, nazo hurudishwa safari iishapo, zikachukuliwa na wengine. Na mpagazi mwenye fulana kavu ya akiba huibeba mwenyewe, juu ya mzigo wa mgeni.