Saikolojia ilipita Kisii, shule zetu hazikuambiwa

Siku hizi kila mtu kwenye TikTok ni mwanasaikolojia. Ex wako hajibu meseji, unaambiwa shida ilianza mamake alipokuwa anamlea. Sawa. Lakini hebu niulize wasee wa Masimba, Keroka na Nyamira, pamoja na nyinyi mlio Nairobi mnaosema tu "kwetu ni Kisii": mnajua sehemu ya haya maneno ilipimwa kwetu?

Story inaanzia Uganda. Mwaka wa 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi huko. Hakukaa bure. Alizunguka vijijini akitembelea akina mama Waganda, akiangalia watoto wao wanavyolia wakiachwa na wanavyotulia mama akirudi. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka 1967. Baadaye, akiwa Baltimore, Marekani, alibuni jaribio ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia duniani hulisoma: mama anatoka chumbani, anarudi, na mtafiti anaangalia mtoto anampokeaje. Mtoto mwenye imani na mlezi wake anamkimbilia akumbatiwe. Mwingine anamgeuzia mgongo.

Sasa tuje nyumbani. Miaka ya 1974 hadi 1976, kikundi cha watafiti wakiongozwa na Robert LeVine kilikuwa Kisii kikisoma malezi ya watoto wachanga. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman wakatumia jaribio la Ainsworth kwa watoto wa Kigusii, wakachapisha matokeo 1986. Wakagundua kitu kidogo ambacho mimi nakipenda sana. Mama aliporudi, mtoto wa Kigusii hakungoja kukumbatiwa. Alinyoosha mkono asalimiwe! Huko kwetu mtu mzima akifika, anakupa mkono, hata kama una mwaka mmoja. Mtafiti anayengoja kumbatio peke yake angeandika kwamba mtoto huyu ana kasoro, kumbe mtoto ana heshima zake tu.

Na hawakumpima na mama peke yake. Walimpima pia na omoreri, yule dadake au binamu mdogo anayebaki na mtoto mama akienda shambani. Mtoto alishikamana na omoreri karibu sawa na alivyoshikamana na mama. Halafu ikaonekana kwamba uhusiano mzuri na mama uliendana na afya ya mwili, na uhusiano mzuri na omoreri uliendana na ukuaji wa akili. Ukifikiria, inaeleweka: mama ananyonyesha, omoreri anacheza na mtoto siku nzima. Kwa hivyo wewe firstborn uliyebeba wadogo zako mgongoni ukilalamika, kazi yako iko kwenye rekodi.

LeVine alikuwa amekuja mapema zaidi, katikati ya miaka ya 1950. Kitabu chake na Barbara LeVine cha 1966 kuhusu jamii wanayoiita Nyansongo si cha kutusifu, nawaonya. Kina fimbo na hofu ndani yake, na kuna mahali utataka kubishana nacho. Vizuri, bishana. Nyansongo ilikuwa moja ya jamii sita zilizolinganishwa: nyingine zilikuwa India, Okinawa, Mexico, Ufilipino na Marekani. Matokeo yaliyotoka 1975 yalionyesha kwamba watoto wa Nyansongo ndio waliongoza kwa kusaidia na kujali wengine. Wale wa mji wa Marekani walikuwa chini kabisa. Watafiti walisema sababu kubwa ni kazi: mtoto aliyepewa ng'ombe na mdogo wake achunge huzoea kufikiria mtu mwingine.

Vuka kidogo tu hadi Oyugis kwa Wajaluo. Carol Ember alichapisha 1973 utafiti kuhusu vijana wa kiume waliopewa kazi za nyumbani zinazoitwa za wasichana, kwa sababu nyumba hiyo haikuwa na msichana wa kuzifanya. Vijana hao walikuwa na ukali mdogo kuliko wenzao. Hiyo mada ukiiweka mbele ya fom tatu ya wavulana, hakuna mtu atalala darasani, naahidi.

Na bado KCSE haina karatasi ya saikolojia. Walimu wetu wanaisoma chuoni, wanakutana na Piaget na watoto wake wa Geneva, kisha wanarudi kufundisha hatua chache kutoka mahali utafiti huu ulifanyika. Vitabu viko maktaba za vyuo vikuu, kwa Kiingereza kigumu. Mimi sisubiri silabasi. Idara ya ushauri nasaha ipo shuleni, klabu zipo, Ijumaa jioni ipo. Kama wewe ni mwalimu na una nakala ya moja ya tafiti hizi, fupisha kurasa mbili kwa Kiswahili, umtumie mwalimu wa shule jirani. Kama wewe ni mwanafunzi, nenda sokoni na daftari, uhesabu mama anamwangalia mtoto wake machoni mara ngapi. Kikundi cha LeVine kiliandika kwamba mama Mgusii hakumkazia mtoto macho wala kuongea naye sana kama mama wa Boston, lakini akilia alimshika haraka. Hali iko hivyo bado, ama simu imebadilisha?

Ukimaliza soko, rudi nyumbani uulize. Watoto waliopimwa wakati ule sasa wana miaka kama 50. Ni umri wa mzazi wako.