Jino Lililobebwa Begani

Nyuma ya Boma ya Mikindani, kwenye pwani ya kusini mwa Tanzania, ile waliyoijenga Wajerumani mwaka 1895, ardhi inapanda kuelekea bara. Huko ndiko David Livingstone alikoelekea Aprili 1866, akiwa na watumishi wake Chuma na Susi, na ngamia, akafuata mto Ruvuma hadi Ngomano, na Julai akafika Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Alikuwa akipishana na mzigo. Mzigo ulikuwa unashuka pwani: watu waliotekwa, na pembe za ndovu mabegani mwao.

Pembe ya ndovu ni jino la mbele la taya la juu, na karibu lote ni dentini, kama ile iliyo chini ya enameli ya gego lako. Kwa uzito, asilimia 70 hivi ni madini ya kalisi na fosfeti, kama 20 ni protini, hasa nyuzi za kolajeni, na iliyobaki ni maji. Madini huipa ugumu. Kolajeni huizuia isivunjike kama kigae, na ndiyo iliyoiwezesha pembe kuvumilia miezi ya jua na mvua, ikaanguka na kuinuliwa, kisha ikachongwa ng'ambo.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia navyo vilipita njia hii. Waingereza waliichukua Mikindani Septemba 1916. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma na kupigana Ngomano. Katika vita hivyo wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi bila hata jina kuandikwa. Katika vita hivyo hivyo, huko Ufaransa, mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari Alexis Carrel waliosha vidonda vya askari kwa hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 0.5 hivi. Ndiyo dawa iliyomo kwenye Jik ya kufulia nguo. Kutoka kwenye vidonda ikaingia kwenye mizizi ya meno, na leo wako madaktari wa meno wanaoitumia hadi asilimia 5.25.

Daktari hutoboa jino, huchokonoa kiini kilichooza, kisha husukuma dawa polepole kwa bomba la sindano. Povu hupanda: nyama iliyokufa inayeyuka. Ila hipokloriti haichagui. Kolajeni ya ukuta wa mzizi, ile ile inayoishikilia pembe, nayo huiyeyusha, na kadiri dawa ilivyo kali na inavyokaa, ndivyo dentini inavyobaki dhaifu, rahisi kupasuka. EDTA, dawa nyingine ya mizizi aliyoileta Nygaard-Østby wa Norway mwaka 1957, hushika upande wa pili: huvuta kalisi. Dakika 1 inatosha kuondoa utando wa unga ulioachwa na vyuma vya kuchokonolea. Ikikaa dakika 10 huanza kumomonyoa ukuta. Hipokloriti ikirudishwa hapo inakuta nyuzi ziko wazi, na mmomonyoko huzidi.

Siwaambii madaktari waziache. Mzizi una vichochoro ambavyo chuma hakifiki, na bila dawa hizi vijidudu hubaki humo. Ila kwetu jino linalouma mara nyingi hung'olewa tu, na aliyejinyima ili gego lake libaki ana haki ya kutafunia korosho upande ule ule miaka mingi. Basi daktari apime ukali wa dawa, aangalie saa, asuuze mwishoni, na gego alivalishe kofia ya kulilinda mapema.